Kabla Hujalipia Cherehani Ile

Zuhura mjukuu wangu,

Picha za cherehani zimefika. Nilimwambia mdogo wako anikuzie kwenye simu, nikazitazama mchana, nikazitazama tena usiku baada ya kuswali isha. Unasema zamu yako ya mchezo imefika, umepokea laki mbili, na mwenye cherehani anaitaka hiyo hiyo laki mbili yote. Unataka kumtumia kesho asubuhi kwa simu ili mwingine asikutangulie. Nakuomba usitume. Soma kwanza haya mpaka mwisho, halafu panda daladala uende ukaione hiyo cherehani kwa macho yako, uishike kwa mikono yako.

Nikwambie nilichokiona pichani. Ni Singer ya mkono, nyeusi, ina nakshi za dhahabu za yule kiumbe wa Misri mwenye kichwa cha mtu na mwili wa simba. Kitako chake ni cha mbao na mfuniko wake wa mbao umewekwa pembeni. Pale sindano inaposhukia naona vibamba viwili vya kuteleza, kimoja mbele na kimoja nyuma. Hapo nikajua bobini yake si ya duara. Ni ndefu na nyembamba kama kipande cha kalamu, nayo hulala ndani ya chombo kidogo cha chuma chenye umbo la risasi, kinachoyumba mbele na nyuma chini ya bamba kila sindano inaposhuka. Kwa umbo lake dogo, hiyo itakuwa 28K au 128K. Hiyo K ni ya Kilbowie, mahali kilipokuwa kiwanda chao kule Clydebank, Scotland. Kiwanda kile kilifunguliwa 1885 kikafungwa 1980, kwa hiyo kila Singer yenye K imekuzidi umri wewe, na nyingi zimenizidi hata mimi.

Umri usikutishe. Zile zilitengenezwa kwa chuma cha kumimina na chuma cha pua, hazina plastiki ndani, na kila kinachozunguka kimetobolewa tundu la kutilia mafuta. Iliyotunzwa hushona leo kama ilivyoshona siku ya kwanza. Nisichokiona pichani ndicho kinachonitia wasiwasi: kile chombo cha risasi kimo au hakimo? Ncha yake ikoje? Bobini zake ngapi? Muuzaji amepiga picha tatu, zote za ubavuni kwenye dhahabu.

Nina sababu ya kuuliza. Mwaka 1976, mama yako akiwa bado mgongoni, nilinunua cherehani ya namna hiyo hiyo hapa Tanga. Niliuza bangili mbili za harusi yangu. Muuzaji alikuwa ameipaka rangi mpya na kuisugua mpaka ikawa inang'aa. Akazungusha mkono mbele yangu, gurudumu likaenda kimya, sindano ikapanda na kushuka, nami moyo ukajaa. Sikumwambia atie uzi. Nilikuwa binti mdogo mbele ya mtu mzima, na niliona kumtaka ashone ni kama kumwita mwongo. Nikalipa, nikaibeba kichwani mpaka nyumbani, nikatandika mkeka, nikaanza kupinda foronya. Mshono ukawa unaruka. Unashika mara tatu, mara ya nne unaacha. Nikabadili uzi, nikabadili kitambaa, nikalia.

Kulikuwa na fundi mmoja akishonea barazani huko Ngamiani, mzee wa watu. Akaifungua, akakitoa kile chombo cha risasi, akanipitishia ncha yake kwenye ukucha wangu. Ilikuwa butu, na ubavuni imeliwa na kutu. Ncha ile, Zuhura, ndiyo inayokwenda kulidaka tanzi la uzi wa sindano kule chini ili uzi wa bobini upite katikati. Ikiwa butu hulikosa tanzi, na mshono ukikosa tanzi hakuna mshono. Mji mzima hakikupatikana kingine. Nilikaa na cherehani yangu ya dhahabu mwaka na miezi, kazi yake kuwekewa taa ya chemni juu, mpaka yule mzee alipoletewa mzoga wa cherehani iliyopasuka, akanitolea chake.

Rangi mpya haikuniponza. Ile aibu ndiyo iliyoniponza. Ndiyo maana jambo langu kubwa kwako ni moja: mwambie aishone mbele yako, kwa kitambaa chako, uzi wako na sindano yako, kabla hela haijatoka kwenye kanga. Mwambie kwa adabu. "Kaka, naomba nijaribu kushona kidogo." Akikasirika, mshukuru, chukua mkoba wako, rudi nyumbani.

Nenda mchana, kwenye mwanga. Chukua kipande cha kanga kuukuu, kipande cha kitenge kizito na kipande cha jinzi. Chukua uzi wa rangi mbili, tuseme mwekundu na mweupe, na pakiti ya sindano mpya namba 14. Sindano hizi za cherehani za nyumbani zenye upande mmoja bapa ndizo zinazoingia katika Singer hizi, nazo zinapatikana kila duka la vifaa vya ushonaji. Bisibisi ndogo itakufaa pia, na tochi ya simu unayo.

Kabla ya uzi, zungusha kwanza bila kitu. Gurudumu la pembeni lizunguke likija upande wako. Funga macho usikilize. Cherehani nzima ina sauti moja laini inayojirudia, tiki tiki tiki, hazizidiani. Ukisikia mahali pamoja inakwama au inagonga kila mzunguko, kuna kitu kimepinda ndani. Halafu shika kile chuma kinachobeba sindano kwa vidole viwili, kitikise kulia na kushoto. Kikicheza sana, kimelika, na hilo halitengenezeki kwa bei yako. Zungusha mkono taratibu utazame meno ya vigurudumu vyake viwili. Jino lililovunjika utalisikia kidoleni kabla ya kuliona. Inua mguu unaokandamiza kitambaa, uache ushuke wenyewe. Ukibaki hewani, spiringi imechoka au kuna uchafu umeganda.

Sasa telezesha kile kibamba cha mbele, umulike ndani. Hapa usiharakishe hata kama muuzaji anatazama saa. Omba kukitoa chombo cha risasi, ukipitishe ncha yake kwenye ukucha kama nilivyofanyiwa mimi. Iwe kali kidogo, laini, isiyokwaruza. Tazama tundu la bamba ambamo sindano inapita: likiwa na mikwaruzo na vibonyeo vingi, sindano zimekuwa zikigonga hapo miaka mingi na uzi utakuwa unakatika. Tazama meno yanayovuta kitambaa. Manyoya na vumbi vilivyoshindilia katikati yake si kosa, pini ya nguo inavitoa, ila meno yawe na makali, yasiwe yamesagika kama meno ya bibi yako.

Kisha tia uzi mwekundu juu na mweupe chini, ukipige kipande cha kanga mshono mrefu, kama mkono mzima. Kigeuze. Wekundu usitokeze chini, weupe usitokeze juu. Kila uzi ubaki upande wake, zikutane katikati ya kitambaa. Ukiona vitone vyekundu chini, uzi wa juu umelegea: kaza skrubu ya vile visahani viwili vinavyobana uzi, ujaribu tena. Ikitii, cherehani ni nzima. Isipotii baada ya kukaza na kulegeza, kuna spiringi imekufa, na hilo lipunguze bei. Kitenge kikunje mara nne uone kama inapanda. Jinzi ni jaribio la mwisho. Usiilazimishe, inatosha ipite polepole bila kuruka.

Hapa katikati nataka nikutoe woga, maana vijana mnakimbia vitu visivyostahili kukimbiwa. Uchafu usikukimbize. Kamba ya raba ya kujazia bobini iliyopasuka ni ya bei ndogo. Dhahabu iliyofutika haishoni. Hata cherehani iliyoganda kabisa, gurudumu halisogei, mara nyingi haina ugonjwa. Watu hutia mafuta ya kupikia, nayo yakikaa miaka huwa kama gundi. Ukiipata ya hivyo kwa bei ya chuma chakavu, na chuma hakijapasuka, ichukue. Tia mafuta ya taa tone tone kwenye kila tundu na kila kiungo, mbali na jiko na mshumaa, uiache usiku kucha. Asubuhi jaribu kwa upole, usitumie nguvu. Tia tena. Cherehani niliyonayo sasa hivi, ile ya chini ya dirisha, ilikaa siku nne hivyo kabla gurudumu halijasogea upana wa ukucha. Baada ya hapo futa yote, utie mafuta yenyewe ya cherehani, yale meupe mepesi. Na mwili wake ukitaka kuusafisha, tumia kitambaa chenye mafuta hayo hayo. Usithubutu spiriti, itaondoka na nakshi zote hapo hapo.

Sindano nayo ina hadithi yake. Kuna mama jirani, mjane, alinijia akitaka kuniuzia Singer ya marehemu mumewe kwa bei ya kusikitisha. Akasema imeharibika, haishiki kabisa, mafundi wawili wameshindwa. Nikaenda na laki yangu mfukoni nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota. Nilipoinama nikaona sindano imetiwa kinyume. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja na upande bapa upande wa pili. Uzi uingilie kwenye mfereji utokee upande bapa. Ukiigeuza, ncha ya chini haiwezi kulidaka tanzi hata ukaishonea mwaka mzima. Nikaigeuza, nikatia uzi, ikashona. Yule mama alikaa chini. Nikamwambia, mama, hii huiuzi. Nikarudi mikono mitupu na laki yangu. Ilinichukua miezi saba kupata nyingine, nami hata leo sijutii, ila sikufichi kwamba siku ile njiani niliona uzito. Kwa hiyo na wewe ukikuta kosa dogo hivyo kwa mtu mwenye shida, utajua la kufanya, hilo sikufundishi. Ukilikuta kwa mchuuzi anayenunua na kuuza, lirekebishe kimya, upatane bei.

Yapo ya kukimbia. Mpasuko wowote kwenye chuma cha kitako au shingo, hata uwe mwembamba kama unywele: chuma cha kumimina hakishoneki. Skrubu zilizopotea nyingi: Singer walikuwa na hesi zao wenyewe, skrubu ya duka la vifaa vya ujenzi haiingii, na ukiilazimisha itakula tundu. Na namba. Kwenye kitako upande wa kulia, chini ya gurudumu, kuna namba iliyogongwa kwenye chuma; tangu 1900 ilianza kwa herufi, kama Y au F, halafu tarakimu nyingi. Ukikuta pamesagwa au pamekwanguliwa, usiulize sababu. Cherehani ndicho chakula cha nyumba ya mtu, nayo huibwa sana. Tena uliza nyumbani kwa muuzaji ni wapi, nani alikuwa akiishonea, na muandikiane mbele ya shahidi, hata kama shahidi mwenyewe ni muuza maandazi wa jirani.

Ya umeme ya zamani nayo ikikutamanisha, tazama waya kwanza. Nyingi waya zake ni za raba iliyokauka. Ukizikunja zinapukutika na kuacha shaba wazi. Kuna ile nyeusi ndogo, Singer 221, iliyotoka 1933 na kupendwa sana Marekani kwa kuwa inakaribia kilo tano tu. Huku inafika kwenye makontena ya mitumba. Nzuri kweli, lakini iliyouzwa kule ni ya volti 110, na umeme wetu ni 230. Ukiichomeka ukutani bila kifaa cha kupunguza umeme utaisikia harufu yake mara moja. Kwa chumba chako cha kupanga, ambako luku inaisha katikati ya wiki, mimi ningekuwekea ya mkono.

Watakuja pia wa zebaki. Mwaka 2009 kule Saudia ulizuka uvumi kwamba ndani ya Singer kuukuu mna zebaki nyekundu, na watu wakawa wanasogeza simu ya mkononi kwenye sindano. Mtandao ukikatika, wanasema, zebaki imo. Cherehani za mabibi zikatafutwa sokoni kama almasi, nyingine zikitajwa bei ya riyali laki mbili, mpaka polisi wakaanza kuwasaka walioanzisha uongo ule. Uvumi wa namna hiyo husafiri. Muuzaji akianza kukunong'oneza habari za zebaki, amekwisha kukueleza yeye ni mtu wa aina gani. Humo ndani mna chuma na mafuta, basi.

Sasa turudi kwenye ile ya pichani na laki mbili yako. Kama ina chombo chake cha risasi, ncha ni nzuri na bobini zipo tatu au nne, ni cherehani ya kukulea. Lakini ujue unachokinunua. Haishoni kurudi nyuma, utafunga mshono kwa kugeuza kitambaa au kwa fundo. Haina zigizaga wala tundu la kifungo. Kingo utazikunja mara mbili. Na bobini zake hazipo kila duka. Kama moyo wako haujang'ang'ania, tafuta zenye bobini ya duara. Singer 15, na Butterfly za Kichina zilizoigwa kutoka kwake, hubeba bobini kwenye kikasha cha chuma kinachochomolewa upande wa kushoto, na vipuri vyake Kariakoo vimejaa kama mchele. Singer 99 ndogo ya kubeba ndiyo niipendayo kuliko zote: bobini yake unaidondosha juu kwa kuvuta kibamba, na haisumbui. Ila bobini yake ina uso uliotuna kidogo, si sawa na ile ya 15, ingawa ukiziweka kiganjani utadhani ni pacha. Wauzaji wa vipuri wenyewe huzichanganya. Nenda na bobini ya zamani mkononi, ulinganishe.

Usimpe muuzaji laki mbili yako yote. Tenga laki na thelathini ya cherehani, hapo ndipo mwisho wa mapatano yako. Elfu arobaini iache kwa fundi na vipuri, kwa sababu hakuna cherehani kuukuu inayoingia nyumbani bila kudai kitu. Elfu thelathini ni ya uzi, sindano, mafuta na mkasi mzuri ambao hakuna mtu ndani ya nyumba atakatia karatasi. Muuzaji akigoma kushuka, mwombe umlipe kwa mafungu mawili. Si fedheha. Cherehani ndivyo zilivyoingia majumbani mwa watu: Isaac Singer alipata hataza yake 1851, zikawa ghali hata kwa Wamarekani wengi, na 1856 mshirika wake Edward Clark akaanza kuziuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Mama wa huko alikwenda nayo nyumbani, akaishonea, akailipa kwa ile ile kazi yake. Na wewe unaweza kufanya hivyo, mradi mmeandikiana.

Usinidhanie ninakupambia maisha. Cherehani ya mkono ni ya polepole, na inakuchukua mkono mmoja. Kitambaa utakiongoza kwa mkono wa kushoto peke yake, na miezi miwili ya mwanzo mishono itakwenda kama nyoka. Anza na kupinda kanga. Mtaa wowote wenye wanawake una kanga za kupindwa, na ni mshono ulionyooka. Kila doti ina pindo nne, kila pindo kama sentimita 110, jumla mita nne na kitu. Mkono ukiuzungusha mara moja, sindano hushuka mara tatu. Kwa mshono wa milimita mbili na nusu, doti moja itataka mizunguko karibu 600. Nimezihesabu mwenyewe begani. Siku ya kwanza utapinda doti mbili ukahisi mkono si wako. Baada ya mwezi utapinda kumi huku unazungumza na wageni na kumchungulia mtoto, na hutakuwa umelipa kodi ya kibanda wala umeme. Mimi nilimsomesha mama yako hivyo, juu ya mkeka, na jioni naiweka chini ya kitanda.

Kuhusu kuiweka na kuibeba: na mfuniko wake inapita kilo kumi. Usiinue kamwe kwa kile kishikio cha juu mpaka umehakikisha kufuli za pembeni zinashika. Mbao zimezeeka, vyuma vimelegea, na wengi wamebaki na mfuniko mkononi na cherehani kwenye kidole cha mguu. Shika chini, kwenye kitako, kama unavyombeba mtoto mchanga. Kwenye daladala iweke mapajani.

Ukifika nayo, usiianze kazi ya watu siku hiyo. Ifungue uitie mafuta, izungushe dakika kumi bila uzi, ifute mafuta yanayotoka meusi, uitie tena. Shonea matambara siku mbili. Mteja wa kwanza ukimpa kanga yenye doa la mafuta, atakuwa wa mwisho kutoka ule mtaa.

Nenda basi, halafu unipigie kutoka hapo hapo, kabla hujalipa, uniambie ulichokikuta baada ya kuteleza kile kibamba. Kama kila kitu ni kizuri, lakini chombo cha risasi hakimo au ncha yake imekwisha, usiiache kwa sababu hiyo, ila mshushe bei sana. Ile cherehani yangu ya bangili nilimpa shangazi yako alipoolewa, nayo ikaja kuungua na nyumba yake ya Muheza; lakini chombo chake nilikuwa nimekitoa wiki ile ili kukisafisha, kikabaki kwangu. Vya 28 na 128 vinaingiliana. Kimo kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, nimekifunga kwenye kitambaa chenye mafuta pamoja na bobini tano. Ncha yake niliipima kwenye ukucha jana usiku. Ukikihitaji, nitamkabidhi kondakta wa basi la saa kumi na mbili asubuhi, nawe ukakipokee stendi mchana.

Bibi yako, Tanga.